Ombi la Kuihamishia Krismasi ya Ukoo Kariakoo

Fremu Na. 14, Ghorofa ya Kwanza,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.
11 Desemba

Mzee Tarsis,
Mwenyekiti wa Ukoo,
Kibosho.

Baba Mkubwa,

YAH: KUIHAMISHIA KRISMASI YA UKOO KARIAKOO KWA MWAKA HUU, NA IKIWAPENDEZA WAZEE, MOJA KWA MOJA

Shikamoo. Poleni na baridi ya huko. Sisi huku hatujambo, ila joto limekuwa la kumfanya mtu aulize amekosa nini. Mke wangu Severa na watoto wanakuja huko mapema, na barua hii ataileta yeye mkononi. Nimeamua kuandika kwa karatasi badala ya kwenye grupu la ukoo kwa sababu grupu lina watu mia moja na arobaini, na admini wake ni mdogo wangu Athanas.

Tangazo lako nimelisoma mara tatu. Nimeelewa kwamba tarehe 27 mwezi huu mama yetu, Mama Fortunata, atakizunguka mwenyewe kihamba cha marehemu baba, shamba letu la migomba, na kutuonyesha sisi wanawe kila mmoja mpaka wake, isale kwa isale, kama baba alivyoipanda mimea hiyo kuwa alama. Nimeelewa pia kwamba anataka kuifanya kazi hiyo angali na miguu inayomtii, kwa kuwa ana miaka themanini na moja, na kwamba mtoto asiyekuwepo atakuja kuonyeshwa mpaka wake na atakayekuwepo. Atakayekuwepo ni Athanas. Mpaka ukionyeshwa na Athanas, Baba Mkubwa, huwa una tabia ya kutembea.

Kwa hiyo nataka kuwepo kuliko mtu yeyote. Lakini siwezi kuondoka Kariakoo. Sababu zangu nimezipanga kwa namba ili zikusaidie unapowasomea wazee.

1. Nina mashine isiyoachwa.

Mwezi wa tisa alinijia mpwa wangu Jovin, mtoto wa dada Celina, yule anayetengeneza simu Mtaa wa Aggrey. Aliniletea habari za kitu kinachoitwa blokcheni. Kwa kifupi ni daftari la malipo la dunia nzima lisilokuwa na karani. Badala ya karani kuna mashine mia moja na hamsini zilizotawanyika nchi mbalimbali. Mtu akimlipa mwenzake, mashine hizo zinatazama, zinakubaliana kwamba kweli amelipa, halafu zinaandika. Mwenye mashine ya namna hiyo anaitwa mthibitishaji, na kwa kazi hiyo anapata kijisenti. Mimi nilivutiwa na jina kabla ya kijisenti. Nimeuza sufuria kwa jumla miaka kumi na tisa, na jina la heshima kubwa kuliko yote niliyowahi kuitwa ni bosi, tena mara zote likifuatiwa na neno punguza.

Jovin akaifunga mashine chini ya meza, katikati ya masufuria. Ilichukua siku nne kulipakua daftari lote tangu ukurasa wa kwanza, maana mthibitishaji haruhusiwi kuanzia katikati. Kisha nikapewa maneno ishirini na manne niyaandike kwa mkono na kuyaficha mahali ambapo hata mke hajui, kwa kuwa anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye mali. Niliyaficha ndani ya sufuria kubwa, na kwa kuwa Severa hakujua, kesho yake akaiuza kwa mama ntilie wa Magomeni. Tulimfuata. Tulikuta karatasi amefunikia bakuli la sukari, na anawasalimia sana.

Mwisho kabisa ikaja kuweka dhamana. Mtandao haumwamini mtu kwa maneno. Unafunga mali yako mle ndani. Ukidanganya inakatwa, ukizembea inakatwa, na ukitaka kuitoa unasubiri siku ishirini na moja. Nami nilifunga ya kutosha kuumia. Tangu siku hiyo mimi ni mthibitishaji kamili, na hivi ninavyokuandikia nasikia kitu kikinguruma kwa bidii hapa miguuni pangu.

2. Waliotunga mtandao huu hawana kwao.

Nasema hivi bila kuwatukana. Masharti yao nimeyasoma yote, kurasa arobaini na mbili, kwa msaada wa Jovin na kamusi. Wanasema mashine ikinyamaza saa kumi na sita mfululizo inatolewa nje na dhamana yake inapunguzwa. Nimetafuta mahali palipoandikwa isipokuwa Desemba. Hapapo. Kariakoo nzima inajua kwamba ikifika tarehe ishirini watu wa mlimani tunashusha mageti, na mteja anayetaka sufuria ya kwetu anasubiri mwaka mpya bila kinyongo. Hata mwenye jengo hatusumbui. Lakini wataalamu waliokaa wakafikiria wezi, wadanganyifu na kukatika kwa intaneti hawakufikiria kwamba mthibitishaji anaweza kuwa na mama. Huo ni upungufu mkubwa katika kitu kinachojiita cha dunia nzima.

3. Hamis hafai kuachiwa.

Najua utasema jirani yangu Hamis yupo. Ni kweli yupo. Ni mtu wa Lindi, anauza mabeseni fremu ya pili kutoka kwangu, na kwa miaka kumi na moja amenilindia duka kila Krismasi kama mimi ninavyomlindia lake kila Idi. Hajawahi kunipotezea hata kifuniko. Alipoona nahangaika alijitolea mwenyewe, akaniambia nisijali, niende nikamsalimie mama, mashine aniachie yeye.

Kasoro ya Hamis ni ukarimu. Hajui kumnyima mtu soketi. Mmachinga akija kuomba kuchajia simu, Hamis anachomoa chochote kilicho karibu, na simu ikijaa anamletea mwenyewe huko aliko pamoja na maji ya kunywa. Mwaka juzi alichomoa friji yangu kwa ajili ya msafiri wa Mtwara ambaye hatukumjua kabla na hatujamwona tena. Mtu wa namna hiyo ni wa kuombewa maisha marefu, ila si wa kukabidhiwa dhamana.

4. Mashine ya pili hairuhusiwi.

Nilifikiria kuja na nyingine ndogo huko Kibosho, niziache zote mbili zikifanya kazi. Jovin alishika kichwa. Alisema mashine mbili zikisaini kwa jina moja mtandao unahesabu kwamba umedanganywa, unakata dhamana kwa kisu kikubwa, na mwenye nazo hakanyagi tena mle ndani. Unamkumbuka shemeji yetu aliyejiandikisha kwenye misiba miwili siku moja ili apate nyama huku na huku. Sisi tulimsamehe. Hawa hawasamehe, na hilo linanipeleka kwenye lalamiko kubwa kuliko yote.

5. Hakuna wa kumwomba.

Hapa ndipo nilipochoka. Nilijisemea kwamba kila penye sheria pana mwenye sheria, na mwenye sheria ni binadamu, na binadamu huongeleka. Nikaenda Posta, kwenye majengo ya ofisi, siku mbili kutafuta ofisi ya mtandao huu ili nikaombe ruhusa ya wiki mbili tu. Niliingia jengo hadi jengo. Mlinzi wa jengo moja alinipa kitabu cha wageni, na penye sehemu ya kuandika ninayekwenda kumwona nikaandika Mtandao, naye akanielekeza kwenye dirisha la kusajili laini za simu. Nilipanga foleni saa moja na nusu. Dada wa pale alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilipomrudia Jovin akaniambia kwamba hilo ndilo jambo zuri la mtandao wenyewe, hauna mkubwa. Baba Mkubwa, mimi nimelelewa na wewe, na nakuuliza kwa unyenyekevu, kitu kisicho na mkubwa anakisalimia nani? Kwetu mtu akikosa, hata kama amekosa kiasi cha kutengwa, analeta jani la isale, na aliyeletewa hana tena ruhusa ya kununa. Wewe mwenyewe umepelekewa isale na Athanas mara mbili, na mara zote mbili ulilipokea huku unasaga meno. Nilimuuliza Jovin mimi nilipeleke wapi la kwangu, maana nina mche kwenye ndoo hapa dirishani. Akasema nipige picha. Nikaendelea kupanga bidhaa.

Sasa tazama jambo lilivyokaa. Pande mbili zinagongana tarehe moja. Upande mmoja una mwenyekiti, una katibu, una huruma, na unajua maana ya samahani. Upande wa pili hauna hata mlango wa kubisha hodi. Mgongano wa namna hii busara inataka asogee mwenye miguu. Mtandao hauwezi kusogea. Kwa hiyo naomba usogee ukoo.

6. Ukoo wenyewe ni mtandao wa namna hiyohiyo.

Wazee wasije wakasema nimeleta mambo ya wageni. Mkutano wetu wa Desemba kila nyumba inatoa mbuzi. Asiyehudhuria bila sababu anatozwa mbuzi wa pili. Anayesema uongo mbele ya wazee anatozwa wawili na pombe juu. Hiyo ni dhamana, haina jina lingine. Tunakaa, tunatazama, tunakubaliana nani ni mtoto wa nani na mgomba upi uko upande upi, na likishakubaliwa halifutiki hata kwa mahakama. Waliotunga blokcheni wametuiga, wakaacha tu zile sehemu zinazolika.

Naomba uzingatie kanuni moja ya kwao ambayo sisi hatuna. Mle ndani jambo likikubaliwa na theluthi mbili ya wathibitishaji limekuwa kweli, hata kama waliobaki wamelala. Kanuni hiyo nitairudia hapa chini kwenye maombi.

Kwa sababu hizo, naleta maombi matatu. Wazee wakishindwa la kwanza waende la pili, na la pili likiwashinda waende la tatu.

(a) Krismasi ya ukoo ifanyike Kariakoo. Nusu ya ukoo tayari tunaishi Dar es Salaam, na kila mwaka tunapanda wote mlimani kwenda kuwakuta watu wasiozidi arobaini. Ni rahisi zaidi hao arobaini washuke. Mahali nimeshatazama, viwanja vya Mnazi Mmoja vinatosha watu na mbuzi. Kibali nimeanza kukifuatilia. Afisa niliyemkuta aliuliza kama mkusanyiko wetu ni wa siasa au wa dini, nikamjibu ni wa kihamba, akaweka kalamu chini. Nitarudi tena akiwa zamu mwingine.

(b) Ikiwa watu ni wengi mno kuwashusha, basi kishuke kihamba. Athanas achume jani moja kutoka kila isale la mpakani, aandike namba kwa kalamu ya wino usiofutika, na ajaze udongo gunia moja. Mimi nitakichora kihamba kwa chaki juu ya paa la jengo letu, hatua kumi za huko kwa hatua moja ya hapa. Migomba itawakilishwa na masufuria, na mfereji nitaukata kwa bomba la kijani la kumwagilia. Mama ataletwa kwa ndege, atawekewa kiti kila pembe, na atatuonyesha mipaka bila kukanyaga tope. Nitasimama palepale nikiona kila kitu, na mashine iko ngazi mbili chini yangu. Hamis ameahidi mwavuli.

(c) Na ikiwa hilo nalo litaonekana zito, naomba itumike kanuni ya theluthi mbili. Wajumbe theluthi mbili wakikubali kwamba tarehe 27 nilikuwepo, basi nilikuwepo. Katibu aandike jina langu kwenye mahudhurio, aandike kwamba nilivaa koti la kijivu na kwamba nilipoonyeshwa mpaka wangu nilishukuru. Kama kuna wa kuuliza mbona hakuniona, aambiwe nilikuwa nyuma ya migomba. Mbuzi wangu atafika kwa wakati, na mbuzi hupiga kelele ya kutosha kuwakilisha mtu mzima.

Kikwazo kimoja ndicho sijakipatia dawa, nacho ni mama. Ukoo mzima unaweza kukubali kwamba nilikuwepo na yeye asikubali. Unajua kawaida yake ya kutuhesabu kwa kidole mlangoni kila tukiingia, tangu tukiwa wadogo, na bado anafanya hivyo ingawa tuna mvi. Ataanza na dada Celina, ataruka kwangu, atarudi kuhesabu upya akidhani amekosea. Hapo kalamu inanisimama, Baba Mkubwa, na sina namba ya kulipatia jambo hilo. Nathibitisha malipo ya watu nisiowajua nchi nisizozijua, na siku ambayo mama yangu anataka kuniona kwa macho nitakuwa nimeinama chini ya meza Narung'ombe. Nakiri inaonekana vibaya. Lakini masharti ni masharti.

Naamini ombi langu litapokelewa kwa uzito unaostahili, na natanguliza shukrani kwa hatua yoyote mtakayochukua, ilimradi isiwe ya kunitoza mbuzi. Msalimie Mama Mkubwa, nimemtumia sufuria mbili za mchemsho na moja ya maziwa. Wasalimie wazee wote, Paroko, watu wa kwaya, jirani zetu wa kuvuka mfereji, na mwalimu aliyenifundisha hesabu kama bado ananikumbuka. Msalimie na Athanas, kwa kiasi.

Mwanao mtiifu na mthibitishaji,

Aristides

NYONGEZA

Baba Mkubwa, Severa ameisoma barua hii na amekataa kuibeba mpaka niongeze yafuatayo. Amevuta kigoda, amekaa karibu yangu, na anasoma ninavyoandika.

Mashine haifanyi kazi. Kinachonguruma ni feni. Niliizima mwenyewe Jumamosi moja ya Novemba. Kwa miaka kumi na tisa kila nikifunga duka mkono wangu unapanda kwenye meni swichi kabla ya kushika funguo, kwa ajili ya hofu ya moto. Siku za mwanzo nilijikumbusha, siku hiyo mkono haukuniuliza. Jumapili hatufungui. Jumatatu asubuhi nilikuta tumeshatolewa nje na dhamana imepunguzwa kidogo. Jovin alisema ni kazi ya dakika kumi kuirudisha, nami nikamwambia aache. Hakuna kinachohitaji kulindwa hapa, hata na Hamis. Yote niliyoyaandika huko juu naomba yahesabiwe kwamba hayakuandikwa, isipokuwa shikamoo.

Kilichonizuia ni gari. Ile Noah ndiyo niliyoiuza nikafunga dhamana. Unajua mtu wa Kariakoo anavyopanda nyumbani mwezi huu. Kila mwaka mimi huanza kupiga honi nikiwa kule kwenye mashine ya kusaga, na mama hutoka uani anajifuta mikono kwenye khanga kabla hata gari halijaonekana. Nikajiona nashuka kwenye basi, begi mkononi, napandisha kilima kwa miguu huku Athanas amesimama barabarani ananitazama. Niliona aibu. Nikaona heri nifungwe na mashine iliyokufa.

Severa ananiambia sasa hivi jambo ambalo hakuniambia, kwa kuwa alikuwa anasubiri nimalize upuuzi wangu. Mama alimpigia simu Jumapili. Habari ya gari hakuuliza. Aliuliza goti langu baya ni la kulia au la kushoto, kwa sababu anataka kuanzia mpaka wa chini, upande wa mtoni, ili nisianze na kilima, na tukifika penye mawe nimshike yeye bega la upande unaoniuma.

Mwambie ni la kushoto. Nakuja na basi la Jumanne, na asianze kutembea bila mimi.

A.